Kibuyu juu ya kitambaa chekundu

Jamani watu wa Sofu, sogeeni niwape aibu yangu mwenyewe, kabla Bi Zena hajawasimulia kwa chumvi zaidi.

Juzi natoka shamba Dutumi, njaa imenibana mpaka nikiona mbuzi naona pilau inatembea. Naingia sebuleni, nakuta meza imetandikwa kitambaa chekundu. Juu yake kuna kibuyu, manyoya ya kuku, gamba la konokono na majani makavu ya mkorosho. Pembeni kuna karatasi kubwa, vitu vilevile vimechorwa kwa mkaa, halafu vimebandikwa mchanga na manyoya kwa gundi.

Nikajua nimelogwa. Mimi, ambaye mtaa mzima umenisikia nikiapa kwamba mganga simjui hata kwa sura!

Nikapiga yowe, Kisarawe wakalisikia. Nikamwaga ndoo nzima ya maji ya chumvi pale mezani, karatasi ikawa uji. Majirani wakajaa. Nikamkazia macho Bi Zena, jirani tuliyegombana naye juu ya kuku.

"Manyoya ya kuku wako haya!"

"Wangu mweupe, baba. Hayo mekundu, huoni?"

Nikaona ananizungusha. Nikanyanyua kibuyu juu.

"Mwenye kibuyu hiki ndiye mchawi wa mtaa huu! Ajitokeze!"

Binti yangu Rehema, anayesomea ualimu wa sanaa, akatoka bafuni mbio, mapovu kichwani. Akaiangalia karatasi, kazi yake ya mtihani ya kuwasilisha kesho. Akaniangalia mimi.

"Baba, si kibuyu chako cha uvunguni hicho? Mimi nimekiosha tu nikichore."