Nyimbo Nne za Fundi Vioo

Fundi vioo alikuwa amebeba vioo miaka thelathini na minne, ngazi juu ngazi chini, wala hajawahi kuvunja hata kimoja mkononi. Siri yake ilikuwa moja: hapigi hatua kwenda asikokuona. Lakini Jumapili ile alasiri, alipoingia na mkewe ukumbi wa tango, ile densi ya wawili wawili, alisita mlangoni kama mtoto anayesubiri sindano.

Si kwamba kucheza kulimshinda. Walikuwa wamecheza humo miaka tisa. Hata kile kioo kikubwa cha ukutani alikiweka yeye. Kilichomtia hofu ni nyonga ya mama watoto. Mwaka uliopita aliteleza bafuni, akawekewa chuma. Daktari aliwaambia wazi: akianguka tena, kutembea asahau. Mama akauliza, "Na kucheza?" Daktari akakuna kichwa. "Cheza, mama. Usianguke tu."

Basi aliyeumwa na nyoka, unyasi humshtua.

Msimamizi wa ukumbi, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, akakumbusha sheria kama kila Jumapili. "Tunazunguka upande mmoja. Hakuna kumpita aliye mbele, hakuna kumrudia aliye nyuma. Miguu ibaki sakafuni. Nyimbo ni nne kwa mkupuo. Ukimwambia mwenzio asante kabla ya wa nne, mmemaliza, nendeni mkakae."

Hilo la mwisho fundi alilishika kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa dharura.

Wimbo wa kwanza walipita kando ya ukuta, hatua ndogo ndogo.

"Mbona umenishika kama kioo cha dirisha?" mkewe akamnong'oneza.

"Kioo hakiongei."

"Wala hakina mume mwoga."

Alikuwa mwoga kweli. Mbele yao alicheza wakala wa bima, viatu vinang'aa, na kila muziki ulipopanda, naye alirusha kisigino. Wimbo wa pili akarudi nyuma hatua mbili nzima. Fundi akasimama ghafla. Jozi ya nyuma nayo ikamkaribia mgongoni hadi akasikia pumzi zao. Mbele hakuna njia, nyuma hakuna njia. Neno "asante" lilimfika kwenye ulimi, akalimeza.

Wimbo wa tatu, kwenye kona, wakala akarudi tena. Fundi akakiona kisigino kinapanda, kinaelekea palepale penye chuma. Hakuwaza. Akamzungusha mkewe papo hapo, mgongo wake mwenyewe ukawa ukuta, na kisigino kikamtua kwenye shavu la mguu. Macho yakamwingia giza. Mikono haikulegea.

"Umepigwa?"

"Nimeguswa."

Wimbo ukaisha. Wakala aligeuka, mkono kifuani, akaomba radhi huku uso umemshuka. Mwalimu alikwisha fika. "Wewe na visigino vyako, nendeni katikati, mbali na watu," akamwambia. "Bima yako haifiki hapa."

Fundi alihisi soksi inalowa damu. Akafungua mdomo.

"Usithubutu," mkewe akasema. "Ukinishukuru sasa hivi, Jumapili ijayo nitakuja peke yangu. Na nitacheza na huyo wa bima."

Fundi akamshika tena kiunoni.

Wimbo wa nne ukaanza. Hofu haikwenda popote, ndugu zangu. Mkewe alilaza kichwa begani kwake, akafumba macho. Akafumba kabisa, mtu mwenye chuma nyongani, katikati ya miguu yote ile. Fundi akaona sasa amebaki yeye tu wa kutazama. Akatazama kwa macho ya wawili: mbele, pembeni, ubao mmoja wa sakafu baada ya mwingine, hatua zisizozidi upana wa sahani.

Muziki ukanyamaza. Mama alikuwa bado amesimama. Akafumbua macho taratibu.

"Asante," akasema.

Fundi akamshika mkono, akamrudisha kitini, hatua kumi na mbili, akichechemea, bila kuinua macho kutoka sakafuni.