Mshono Usiokatika

Kabula mwanangu, toa mguu kwenye hilo kanyagio la cherehani. Toa, nimesema. Sijakasirika, usiniangalie hivyo. Nimeshtuka tu, na mtu wa umri wangu akishtuka inabidi akae kwanza. Nisogezee hicho kigoda. Haya. Unaiona hii lebo niliyoiokota hapa chini, kwenye mabaki ya sponji? Umeitoa wapi? Ubavuni mwa kiti cha abiria, ee. Umeikata kwa sababu ingevimba chini ya ngozi na kuharibu umbo. Najua. Na mimi niliikata kwa sababu hiyo hiyo.

Kaa basi nikueleze. Kuna siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyooa, na harufu ya mafuta ya taa ndiyo inayonirudisha kwayo kila mara. Daraja lilikuwa halijajengwa wakati huo. Ukitaka kwenda Busisi unapanga foleni Kigongo na kusubiri kivuko, upende usipende. Baba yako na mimi tulikuwa vijana, na mapacha kama unavyojua, yeye Kulwa mimi Doto, watu wanatuchanganya mpaka kanisani. Yeye alikuwa amenunua gari lake la kwanza. Mimi nilikuwa na kibanda hapa hapa Mkuyuni, nashona viti vya magari na kujisifu. Alipotangaza kumuoa mama yako nikamwambia, ndugu yangu, zawadi yangu ni gari lako. Nitakufanyia viti, milango, mpaka kirungu cha gia nitakichonga kwa mninga.

Maneno matamu, lakini cherehani sina. Niliyokuwa nayo ilikuwa ya kushonea mashati, ikikutana na ngozi nene inavunja sindano. Ndipo nikaambiwa habari za Bibi Veronika wa Mkolani. Huyu alikuwa mjane kutoka Ukerewe, amehamia mjini kukaa na binti yake. Enzi zake yeye na mumewe walikuwa wakishona matanga ya mitumbwi, na cherehani yao ya kazi hiyo alikuja nayo. Nilipoiona nilitaka kulia. Kutu tupu! Imesukumwa stoo, na kuku alikuwa anatagia kwenye kidroo chake.

"Chukua," Bibi akaniambia. "Kuliko ioze hapa nikiiangalia. Ila siku ikizunguka uniite nije niisikie."

Ndiyo hiyo hiyo uliyokuwa unaikanyaga sasa hivi, mwanangu. Nilifungua kila skrubu, nyingine kwa kubembeleza, nyingine kwa nyundo. Nikavilaza vyuma kwenye beseni la mafuta ya taa, nikasugua kwa brashi ya waya mpaka kucha zikawa nyeusi, nikakata mkanda mpya wa ngozi. Msharasi wa Bibi wa kutobolea nikauchonga ncha upya, na kisu chake nikakitia mpini wa mpera. Gurudumu lilipozunguka bila kulia nilipiga kelele mpaka jirani yangu wa matairi akaja mbio akidhani nimeungua. Mafundi wenzangu wanakimbilia vyuma vipya vya dukani, nami nilikuwa nimekifufua kitu kilichoshindikana. Kwa kweli nilijiona mkubwa.

Na pamoja na cherehani Bibi alinipa uzi wa matanga, umepakwa nta, mgumu kweli. Ukiuvuta unakukata kidole kabla haujakatika wenyewe.

Basi nikamshonea baba yako viti kwa uzi ule. Ngozi rangi ya damu ya mzee, uzi mweupe. Ubavuni nikapitisha mishono miwili kabisa, maana ndipo watu wanapokwaruza wakiingia na kutoka. Sifa ya fundi viti, au ndivyo nilivyoamini, ni mshono usioachia. Zile lebo mbili za pembeni, moja kila kiti cha mbele, nikazikata na kuzitupa chini. Nilikuwa nimezisoma, usidhani sikuzisoma. Zilisema kuna mfuko wa hewa, ile eabegi. Lakini sikujiuliza ungetokea wapi. Ulikuwa ndani ya kiti, mimi niko nje ya kiti, tumeachana hapo.

Wakafunga ndoa, tukacheza, tukala. Jumatatu asubuhi wakaondoka kwenda kuwasalimia wazazi wa mama yako kule ng'ambo ya Busisi, na shangazi wawili nyuma. Gari linang'aa mpaka ndani. Nikabaki kibandani nikipiga miluzi.

Hawajafika mbali, Bibi Veronika akaingia. Alikuwa amekuja kuisikia cherehani yake. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikakanyaga kidogo kwenye kipande cha ngozi. Alifumba macho akisikiliza, akatabasamu. Halafu alipofumbua akaona lebo pale chini, akaiokota.

"Hiki kitambaa kimeandikwa nini?"

Nikamwambia.

"Na huo mfuko kazi yake nini?"

"Gari likigongwa, Bibi, unafyatuka na kujaa hewa, unamkinga mtu."

"Unafyatukia wapi?"

Nikanyoosha kidole kumwonyesha ubavu wa kiti, na kidole kikabaki hewani. Mwanangu, mlango wa ule mfuko ndio huo niliokuwa nimeushona kwa mishono miwili.

"Na hapo umeshona kwa uzi wangu," Bibi akasema. Hakuuliza. "Yesu na Maria! Doto! Uzi wa tanga? Sisi tanga tulilishona liwe gumu, lakini kamba ya kulifungia chini tuliweka iliyochakaa, makusudi, ili upepo ukizidi ikatike, tanga liachie, mtumbwi usipinduke na watu. Wewe umefunga kote? Liko wapi hilo gari?"

Nilipomwambia Kigongo, alichukua kile kisu chenye mpini wa mpera na kukiviringisha kwenye kanga. Jirani wa matairi akatuazima pikipiki. Bibi mzima, na kilemba chake, akanikumbatia kiuno huku akinigombeza sikioni kutoka Mkuyuni mpaka Kigongo. Sikumsikia nusu yake kwa upepo, na nusu niliyoisikia sitairudia mbele yako.

Tukawakuta bado kwenye foleni. Kivuko ndio kinakaribia, watu wanauza sato wa kukaanga dirishani, shangazi wamekwisha nunua. Bibi hakusalimia mtu. Alifungua mlango wa dereva, akamwambia baba yako, "Shuka." Baba yako, kwa heshima ya mvi, akashuka. Bibi akachomeka kisu juu ya mshono wangu na kukivuta mpaka chini. Ngozi ikafunguka, sponji nje.

Jamani! Kulwa alipiga ukelele nikadhani amechomwa yeye. Watu wakajaa. Shangazi mmoja akaanza kusali. Mimi najaribu kueleza, mfuko, lebo, uzi, maneno yanatoka kichwa chini miguu juu. Lakini baba yako si mjinga. Alinisikiliza, akakitazama kile kiti. Akasema tu, "Sawa. Bora kichanwe kiti." Bibi akazunguka kwenda upande wa pili.

Upande wa pili alikuwa amekaa mama yako.

Unamjua mama yako. Alikuwa hivyo hivyo. Kitenge kipya, hereni, mikono ameikunja mapajani. "Shikamoo Bibi," akasema, mpole kabisa. "Ila hapa sishuki. Naenda kwa baba na mama yangu mara ya kwanza nikiwa na mume. Nikafike nimekalia kiti kilichochanwa kama gunia la mihogo? Kimoja kinatosha. Hiki mtakichana tukirudi."

Bibi akamwambia, mwanangu, shuka, ni dakika tu. Mama yako akatikisa kichwa. Shangazi wakaanza kucheka, wakasema mwacheni bibi harusi wa watu. Watu wakacheka. Kivuko kikapiga honi, magari ya nyuma yakaanza kelele. Baba yako akanitazama, akasema, "Doto, tukirudi utakitengeneza, sivyo?" Nikasema haraka, "Mkirudi. Mkirudi nitakishona vizuri." Bibi alibaki amesimama kwenye vumbi na kisu mkononi, gari likimpita kuingia kivukoni. Mimi sikukitazama kile kisu.

Walirudi salama. Baba yako akawa na safari zake, mimi nikawa na kazi zangu. Yeye hakukileta kiti, na mimi sikumfuata. Tulikutana hata kanisani, tukaongea habari za mpira. Kiti cha dereva alikuwa amekivisha fulana, basi, maisha yakaendelea.

Mpaka lori la mchanga lilipotoka barabara ya pembeni pale Mkolani na kuwagonga ubavuni. Ubavu wa kushoto, mwanangu. Wa abiria.

Nilifika gari likiwa bado barabarani, wao wamekwisha pelekwa hospitali. Mlango umeingia ndani. Nikachungulia. Naomba usije ukaona kitu kama kile. Kiti kilikuwa kimevimba, kimejaa mgongoni na chini, ngozi imekaza mpaka inang'aa, mfuko umefyatuka wote na kubaki humo humo ndani. Na mshono wangu ulikuwa mzima. Nilipitisha kidole juu yake kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna uzi hata mmoja uliokatika. Katika maisha yangu yote sijawahi kushona mshono mzuri kuliko ule, na nilikaa chini barabarani mbele ya matrafiki nikalia kwa sauti.

Baba yako alitoka na michubuko. Mama yako ulimkuta na mkono ule wa kushoto usiovuka bega. Wewe ndiye unayemfunga kilemba, wewe ndiye unayeanua nguo kwenye kamba. Ukimuuliza anakwambia ni ajali, na kwamba mwenyewe alikataa kushuka. Anasema huku anacheka. Ni kweli alikataa, hata mahakamani ningesema hivyo.

Na ndivyo nilivyosema hospitali. Bibi Veronika alikuja kumwona mgonjwa, akanikuta nje kwenye benchi. Nikamwambia kabla hata hajakaa, "Bibi, si uliona mwenyewe? Alikataa kushuka."

Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru.

"Niliona," akasema. "Nilikutazama wewe pia. Alipokataa, wewe ulifurahi."

Halafu akaingia ndani.

Na ni kweli, Kabula. Mama yako alipokunja mikono na kusema hashuki, mimi moyoni nilisema, afadhali, kimoja changu kimepona. Kile kiti nilikipenda. Nilikishona kwa cherehani niliyoifufua kwa mikono yangu, na nilikuwa nimekwisha kuona kimoja kikipasuliwa mbele za watu. Mtu akanipa ruhusa ya kuliacha kosa langu jinsi lilivyo, nami nikaipokea kwa mikono miwili. Ningeweza kumnyang'anya baba yako ufunguo. Ningeweza kulala mbele ya tairi. Ndugu yangu pacha yule, angenikanyaga? Asingenikanyaga.

Basi hili ndilo ninalokuachia, na nataka ulishike kuliko jinsi ya kunoa msharasi. Kabla hujafunika kitu, jua kinafanya nini na kinatokea wapi, na kama hujui, kaulize kabla ya kushika mkasi. Hapo penye lebo ngozi haipiti. Tunapaacha wazi, lebo inabaki, na mteja asiyependa kuiona aende kwa fundi mwingine. Hilo ni la kazi. Lakini la pili ni lako popote utakapokuwa: ukishajua umekosea, usimsubiri mtu aje akuambie basi, liache. Watatokea tu. Atatokea mteja mwenye haraka, atatokea shangazi anayecheka, atatokea mtu unayempenda amekaa juu yake. Siku hiyo uutazame moyo wako, na ukiukuta umefurahi, ogopa.

Najua mwenye gari yuko njiani. Najua umekesha na hicho kiti, na kimetoka kizuri, Mungu wangu, kizuri kuliko changu. Atafoka. Atasema mbona kilikuwa kimekamilika, kiacheni hivyo hivyo, mimi nimeridhika. Utamwamkia vizuri, utampa soda, na gari hatapewa.

Mungu aliyemrudisha mama yako akakuzaa wewe, aibariki mikono yako. Akupe wateja, akupe macho yasiyochoka, akupe ujasiri wa kuharibu kazi yako nzuri pale inapobidi, na usije ukaketi kwenye benchi lile nililoketi mimi. Pokea kisu. Mpini bado ni ule ule wa mpera. Anzia juu, vuta mpaka chini, nami nakaa hapa nikuangalie.