Mama Vifungo aliyeweka nia ya kusema kweli uzeeni

Saa mbili kasoro robo asubuhi, na tayari kuna mtu mlangoni.

Mwanamke wa miaka sitini na sita ameinamia cherehani yake ya miguu, futi ya kupimia shingoni, pini tatu katikati ya midomo. Hainui uso. Viatu vile anavijua: ni vya muuguzi wa zahanati ya jirani, aliyekuja kuulizia gauni lake kabla ya kuingia zamu.

"Shikamoo mama. Limefikia wapi?"

Fundi anatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, anazichomeka kwenye kijimto chake cha pini. "Marahaba mwanangu. Sijalianza."

Muuguzi anacheka, akidhani ni utani. Fundi hacheki.

"Hujalianza kabisa? Mama, si ungeniambia tu bado vifungo, nikaenda zangu kazini roho imetulia?"

"Njoo Jumatano."

"Jumatano yako au ya kwenye kalenda?"

"Ya kwenye kalenda," anajibu fundi, na safari hii sauti yake imeanza kukwaruza. Muuguzi anaondoka amenuna. Fundi anamgeukia mwandishi wa habari hii. "Umeona? Nikidanganya napendwa. Nikisema kweli nanuniwa."

Mtaani wanamwita Mama Vifungo. Kwa miaka mingi aliamini jina hilo limetokana na kopo kubwa la maziwa lililo juu ya meza yake, ambalo amelijaza vifungo vya kila rangi tangu alipoanza ushonaji, miaka thelathini na minane iliyopita. Alilipenda jina hilo. Aliliona la heshima.

Kumbe wenzake walikuwa na maana yao.

Yeyote aliyewahi kupeleka kitambaa kwa fundi anayajua maneno "bado vifungo tu". Maana yake ni kwamba kitambaa kiko chini ya meza, ndani ya mfuko ule ule kilioletwa nao. Mama Vifungo anaeleza utamu wa uongo huo bila kuficha. Vifungo ndivyo humaliza nguo, kwa hiyo mteja anaondoka akijua kazi imekwisha. Na hawezi kudai aijaribu, kwa kuwa nguo isiyo na vifungo haivaliki. "Ni uongo uliokamilika," anasema. "Hauna hata uzi unaoning'inia."

Jumapili moja, mapema mwaka huu, aliketi kanisani mbele ya wanawake wawili. Mmoja akamnong'oneza mwenzake: "Wewe unadhani jina la Vifungo ni kwa sababu ya lile kopo?" Wakacheka kwa kuficha vinywa kwenye vitabu vya nyimbo.

"Mahubiri ya siku ile sikuyasikia," anasema. "Nilikuwa nahesabu. Tuseme nilidanganya mara tatu tu kwa siku, kwa miaka yote hiyo. Nikafika mahali nikaacha, nikaona aibu."

Alasiri hiyo alichana upande wa boksi, akachukua chaki ya kukatia nguo, akaandika nia zake za uzeeni. Boksi hilo limepigiliwa msumari juu ya cherehani, na maandishi yake yamepauka kidogo. Asubuhi ataomba bila kutazama saa. Kwa wiki atashona nguo tatu, basi. Kisichotumika nyumbani kitoke. Ulimi uwe mpole, hata kwa wanaokuja kuongezewa kiuno baada ya kula wenyewe. Chini kabisa kuna neno moja kwa herufi kubwa: VIFUNGO. Hakuongeza kitu. Alijua ataelewa.

"Sitaki makubwa," anasema. "Nataka siku Mungu akija kunichukua anikute nimekaa kitako, moyo wangu safi. Asinikute nakimbizana na pindo la mtu."

Penye nia pana njia, husema wahenga. Kwake penye nia pamekuwa na foleni.

Aliuza cherehani mbili kati ya tatu na kugawa vyombo alivyokuwa havitumii miaka nenda miaka rudi. Bintiye, aliyeolewa mitaa miwili kutoka hapo, akafurahi sana kusikia mama ameamua kuishi kwa utulivu. Akamnunulia kabati. Lina milango mitatu na kioo, na limemeza nusu ya chumba.

"Nimemwambia mwanangu nataka maisha mepesi, ameniletea kabati la kuwekea huo wepesi," anasema, akiligonga mlango kwa mkasi.

Wateja nao hawakumsaidia. Kipato kilishuka karibu nusu, jambo alilolitarajia. Asilolitarajia ni kwamba hakuna atakayemwamini. Akisema suruali itakuwa tayari Alhamisi, mwenye nayo huja Jumanne ya wiki inayofuata, kwa kuwa amezoea kumwongezea fundi siku zake. Nguo zilizokwisha zikawa zinaning'inia dukani kama hazina wenyewe, na yeye amekaa anawangoja watu wanaodhani anawadanganya.

Lakini kilichomchosha kuliko vyote kilitoka kanisani.

Bintiye anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Kanisa lilipotangaza kutimiza miaka hamsini, kwaya ikataka majoho mapya, na binti akasimama katikati ya mazoezi akasema mama yake atashona. Majoho thelathini na sita, kwa wiki tano. Mama mwenyewe alipata habari siku kitambaa kilipoletwa.

"Mama, ni kazi ya Mungu," binti alimwambia.

"Mungu mwenyewe alifanya kazi siku sita akapumzika," akajibiwa. "Wewe umenitafutia ya saba na ya nane."

Hata hivyo hakukataa, na hapo anakiri alikosea. Aliogopa kusema hapana kwa kitu chenye jina la Mungu. Akakisukuma kitambaa chini ya meza, akasema ataanza kesho. Kesho ikazaa kesho.

Wiki ya pili ikiisha, mwalimu wa kwaya akapiga simu. Ni mwanamke mpole, wa rika lake. Siku hiyo ilikuwa ya arobaini na moja tangu Mama Vifungo aseme uongo kwa mara ya mwisho. Alikuwa akiziwekea alama za chaki ukutani. Alikuwa anapiga pasi, simu ameibana kwa bega.

"Habari za huko mama? Majoho yamefikia wapi?"

"Bado vifungo tu."

Ulimi hauna mfupa. Maneno yalitoka yenyewe, kama mtu anavyoitikia salamu.

"Vifungo vya wapi mama?" mwalimu akauliza taratibu. "Si majoho ya kuvalia kichwani?"

Fundi akaiweka pasi chini. Anasema alitamani ardhi ipasuke immeze, na cherehani imfuate. Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kumwambia mteja yeyote: "Mwalimu, nimekudanganya. Kitambaa hata sijakikata. Na nguvu ya kukimaliza peke yangu sina."

Alilia. Hafichi hilo.

Mwalimu hakumkemea. Kesho yake alileta waimbaji watatu, bintiye fundi akiwa wa kwanza, kichwa ameinamisha. Kuanzia hapo walikuja kwa zamu kila alasiri, wakakata na kupiga pindo kwa mkono. Wema huo nao una karaha zake. Wanapiga soga, wanapoteza sindano, na mapindo mengi imebidi yafumuliwe. "Sauti ya pili wanashona kama wanavyoimba," analalamika Mama Vifungo. "Wanaingia wamechelewa."

Mwalimu aliweka sharti moja tu. Kila joho lishonewe kifungo kimoja ndani ya kola, kisichofunga chochote, na fundi akishone mwenyewe. "Ili usiwe umesema uongo," alimwambia. "Uwe ulitangulia tu kusema kweli."

Ndiyo kazi iliyo mezani asubuhi hii. Majoho yote thelathini na sita yananing'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, yamepigwa pasi, na kopo liko wazi. Ameshamaliza tisa. Yakisafiri Jumapili hayatarudi kwake: kabati la milango mitatu linahamia kanisani kuyahifadhi, na binti amekubali, baada ya kununa siku mbili. Jumatatu fundi anaanza upya, nguo tatu kwa wiki, na gauni la muuguzi ndilo la kwanza.

"Na nimejifunza neno jingine, hapana," anasema. "Nitaliandika pale pale chini ya vifungo."

Kichwa kinachungulia mlangoni. Ni mwimbaji wa sauti nene, anapita kwenda kibaruani.

"Mama, majoho vipi?"

Anayatazama yote thelathini na sita, kisha anamtazama kijana wa watu machoni.

"Bado vifungo tu."

Mwimbaji anaangua kicheko. "Haya mama, tumeshaizoea hiyo," anasema, na kuondoka bila hata kuinua macho kwenye kamba.

Mama Vifungo anafumbua mdomo amwite, kisha anaufumba. Anavuta pumzi ndefu, anatupa jicho kwenye boksi lake ukutani.

"Wa kuniamini yuko juu, na ameona," anasema, na kutia uzi kwenye sindano kwa ajili ya kifungo cha kumi.