Kuku wa Meza Mbili

Mimi na mume wangu si matajiri, lakini kila mwaka mahindi yakishauzwa tunakwenda kula mahali ambapo watu wa kipato chetu hawali. Ni hoteli ya ghorofa hapa Sumbawanga mjini, yenye vitambaa vyeupe mezani na mhudumu mwenye tai. Bei ya sahani moja pale, nyumbani ingenunua maharage ya kula mwezi. Ndugu zangu wanasema ni ujinga. Nakubali ni ujinga, lakini ni ujinga wangu, nimeushona mwenyewe kwa cherehani yangu, na sijamwomba mtu uzi.

Aliyeuanzisha ni mume wangu. Wakati ananichumbia alinipeleka pale akaagiza samaki. Mimi nikajua tutaletewa mgebuka, maana Ziwa Tanganyika lipo hapo chini, ukishuka Wampembe unawakuta wanaanikwa. Akaletwa sato wa Mwanza. Samaki yule alikuwa amesafiri kuliko mimi, na safari ilikuwa imemchosha. Bei yake ilipokuja nikauliza kama tumemnunua pamoja na gari lililomleta. Mchumba wangu akasema, bila kucheka, "Hicho ndicho chakula cha kwetu. Nilitaka ukile." Kwao ni wafugaji, walitoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao wakahamia bonde la Rukwa kabla yeye hajazaliwa. Mwanza kwenyewe alikuwa hajawahi kufika. Nikamla yule sato mpaka kwenye miiba, na wiki hiyo hiyo nikapanda basi kwenda kumwambia mama.

Mama yangu ni mkulima wa kijiji cha Kate, Mfipa, mjane, mtu wa kanisa, na maneno anayatumia kama chumvi ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Nikamwambia nimepata mchumba, na kwao ni watu wa ng'ombe. Akasema, "Sawa." Akaendelea kuchagua maharage. Hiyo "sawa" mimi na mume wangu tumeishi nayo miaka, tunaigeuza huku na huku, hatujui mbele yake ni wapi.

Mtu anayejua mila atasema hapakuwa na cha kujiuliza. Kwetu sisi tuliolelewa na wazee, mama na mume wa binti yake hawali pamoja. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja anapisha. Ni heshima. Kwa hiyo mama alikuja kwenye harusi yangu, akakaa nyuma kabisa, hakula. Akija mjini kutibiwa macho anafikia kwa mama mdogo, mtaa wa Katandala. Kwangu anapita kunisalimia wakati mume wangu yuko kwenye duka lake la vipuri vya pikipiki, na anasalimia akiwa amesimama uani, kama mtu aliyeleta ujumbe. Maji ya kunywa anakataa. Mume wangu, mama hajawahi kumtaja hata kwa neno "mkwe". Kwake alikuwa "yule". Yule hajambo? Hajambo, mama. Haya.

Sasa shida ni hii. Anayekuheshimu sana anakupa mgongo, na asiyekutaka naye anakupa mgongo. Ukiwa umesimama nyuma ya mtu, utajuaje? Majirani wa kwao mume wangu walijua, maana majirani hawakosi jibu. Walisema yule mama hajakubali binti yake kuolewa na watu ambao ng'ombe wao wanalala kwenye mahindi ya wenzao. Mume wangu aliyasikia. Kwao nako wana mambo ya mkwe, lakini kwao ukipeleka mbuzi mlango unafunguka, mnakula. Akapeleka mbuzi. Mama akampokea kupitia kwa kaka yangu, akamfunga zizini. Mbuzi yule leo ana wajukuu, na mlango haujafunguka.

Mwaka jana, jioni moja tunakunja nguo, akaniambia, "Mama yako hanitaki. Si neno. Nilitaka tu kujua, basi." Alisema "si neno" huku anakunja shati lile lile kwa mara ya tatu. Iliniuma. Na mimi nikiumia nakasirika, na nikikasirika napiga simu.

"Mama, Ijumaa ukitoka kliniki tunakupeleka hotelini kula."

"Hotelini kuna nini?"

"Chakula."

"Kwa mdogo wangu hakuna chakula?"

"Mama, sikiliza. Ile hoteli si nyumba yangu wala si yake. Pale kila mtu anakula mbele ya watu asiowajua. Hakuna mila inayovunjika."

Nikasikia upepo wa Kate kwenye simu.

"Na yule atakuwepo?"

"Atakuwepo. Ndiye anayelipa."

"Basi akae mbali."

Nikamwambia mume wangu kwamba mama amekubali. Sikumwambia kwa maneno gani. Ijumaa akavaa suti ya harusi, ambayo sasa inafunga kwa kubembelezwa, akatangulia kukaa meza ya dirishani. Mama alikuja na kitenge cha kanisani, sweta mbili kwa ajili ya baridi, na miwani mipya. Akachagua meza ya pili, akageuza kiti mpaka akatazamana na ukuta. Wakawa wamepeana migongo, katikati yao anaweza kupita mtu mmoja mwembamba. Mimi nikakaa na mama.

Mhudumu mwenye tai akaja. Ananijua, kwa sababu ya ujinga wetu wa kila mwaka.

"Kaka leo anasubiri mgeni?"

"Hapana. Amekuja na sisi."

Akatazama meza ile, akatazama meza hii, akainama. "Mmegombana?"

"Hapana. Wanaheshimiana."

Akasema pole.

Tukaagiza kuku mzima wa kienyeji, agawanywe sahani mbili. Mume wangu, akiwa anatazama dirisha, akasema kwa sauti ya kawaida, "Muulize mama kama atapenda ugali au wali." Nikamgeukia mama, ambaye alikuwa amesikia, nikamuuliza kama atapenda ugali au wali. "Mwambie ugali." Nikamgeukia mume wangu, ambaye alikuwa amesikia, nikamwambia ugali. Nimefanya kazi nyingi maishani, lakini kutafsiri Kiswahili kwenda Kiswahili ilikuwa mara ya kwanza.

Kuku akachelewa. Tulikaa hadi watu waliotukuta wakala, wakalipa, wakaondoka. Mama akauliza kama wanamlea kwanza. Nikasikia mume wangu anakohoa, kile kikohozi chake cha kuficha kicheko, nikapata tumaini kidogo.

Sahani zikaja. Mama akafanya ishara ya msalaba, akasali sala ndefu kuliko ya kawaida, akashika uma. Hakula. Akawa anasukuma vipande pembeni kimoja kimoja, kama anavyochagua maharage.

"Kaangalie na kwenye sahani ya kule," akaniambia. "Kuna nini?"

Nikainuka nikachungulia. "Paja, kidari, bawa, na mgongo."

"Firigisi?"

"Haipo."

"Na hapa haipo." Akaweka uma chini. "Mwambie asianze kula."

Mume wangu alikuwa ameshashika paja. Akalirudisha, akapangusa vidole, akaweka mikono magotini kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Mimi hasira zilinipanda. Nikajua mama alikuwa anatafuta sababu ya kuondoka, na ameipata. Kesho atasema tulimpeleka mahali wanapouza kuku pungufu, na habari itaishia hapo.

"Mama, ni firigisi tu," nikasema. "Tule, chakula kinapoa."

"Mwite huyo wa tai."

Mhudumu akaja na tabasamu. Mama akamuuliza firigisi ya kuku huyu iko wapi. Akajibu kwamba kwa utaratibu wa hoteli, mama, firigisi haiendi mezani.

"Inakwenda wapi?"

"Inabaki jikoni."

"Kwa nani?"

Mhudumu akarekebisha tai. "Kwa mpishi, mama."

"Mpishi wenu ameoa binti yangu?"

Sidhani kama kuna hoteli inayofundisha jibu la swali hilo. Watu wa meza ya pembeni walikuwa wameacha kutafuna. Kila mtu pale alikuwa mtoto wa mtu, alijua. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Akiwepo mkwe, baba mwenyewe anaiacha, inakwenda kwa mkwe. Mimi nimekulia Kate na firigisi nilionja kwa mara ya kwanza nikiwa na mshahara wangu, kwa kuinunua. Mkwe akiletewa kuku asiye na firigisi, ameambiwa bila maneno kwamba hapa hakuna anayemtambua.

Na mimi bado sikuelewa, kwa hasira zangu. Nikamnong'oneza, "Mama, unatuaibisha."

Hapo akanigeukia, macho makubwa ndani ya ile miwani mipya. "Aibu ni hii," akasema. "Mtu amevaa suti, amenileta, analipa, halafu ale kuku wa hivi mbele yangu mimi, na watu waseme nilikuwepo nikanyamaza?"

Nikafunga mdomo, jambo ambalo wanaonijua hawataamini.

Mhudumu akaenda jikoni. Tukasikia maneno huko ndani, halafu sufuria, halafu kimya. Akatoka na kisahani cha chai. Juu yake firigisi moja, imekaangwa na vitunguu kwa ufundi ambao kuku wetu hakuupata. Ni wazi mpishi alikuwa amejiandalia mwenyewe, kwa mapenzi yake yote. Mhudumu akaiweka mbele ya mama, akasema samahani, mama, karibu.

Mama hakuigusa. Akageuza kisahani mpaka akaridhika na upande wake, akakiinua kwa mikono miwili, akampa tena.

"Mpelekee mkwe wangu."

Mhudumu akauliza, "Yupi, mama?"

"Nina mmoja tu. Yule pale."

Zilikuwa hatua mbili. Mume wangu alikipokea kwa mikono miwili bila kugeuka, maana anajua adabu, na akakaa nacho kidogo kabla ya kula. Firigisi ni kitu cha matonge mawili. Yeye aliikata vipande vidogo vidogo, akawa anatafuna kila kimoja mpaka mwisho. Mabega ya ile suti yakaanza kutikisika, nikaona kwamba analia, mtu mzima, mwenye duka, kwa ajili ya firigisi. Mimi pia nilikuwa nalia, na kitambaa cha hoteli nilikitumia.

"Amepokea?" mama akauliza. Alikuwa anatazama ukuta.

"Amepokea, mama."

"Anakula?"

"Anakula."

"Akimaliza uniambie."

Tukasubiri. Ugali ukaota ngozi juu, mchuzi ukaganda pembeni mwa sahani. Nikageuka nikaona kisahani ni cheupe, amefuta hadi vitunguu.

"Amemaliza, mama."

"Haya." Akavuta sahani karibu, akanawa mikono kwa maji yaliyokwisha kupoa, akamega tonge. Na pale pale, mgongo wake umeelekea mgongo wa mkwe wake, mama yangu akaanza kula.