Pembe za Bibi

Watu wa mjini wakisikia neno baridi hufikiria soda. Mimi nikilisikia nakuwa nimeshafika mlimani, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Kinole, kwenye nyumba ya bibi mzaa baba, mwezi wa sita, ukungu umeingia mpaka jikoni. Sisi tuliokulia Morogoro mjini tuliuona Uluguru kila siku tukifungua mlango wa uani, wala hatukujua kwamba huko juu watu wanatetemeka. Nilijua siku nilipopelekwa mara ya kwanza, niko darasa la tatu, nimevaa gauni lisilo na mikono na kandambili. Bibi alinitazama juu mpaka chini, akauliza kama mwanawe ameishiwa nguo au ameishiwa akili.

Nguo hazikuwa zimemwishia mtu. Zilikuwa zama za ruksa, biashara imefunguliwa, na sokoni marobota ya mitumba yalifunguliwa watu wakagombania mashati kama wamerogwa. Ndani ya kila robota hakikukosekana kitu kimoja cha ajabu: koti zito la nchi za theluji, lenye kofia ya manyoya, ambalo pale mjini hapakuwa na mwendawazimu wa kulivaa. Wauzaji waliyaachia makoti hayo kwa bei ya kutupa, na walioyachukua walikuwa watu wa mlimani. Mwaka wa pili baba akanibebesha moja nimpelekee bibi, la zambarau, refu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Bibi alilivaa juu ya khanga mbili, akafunga kilemba, juu ya kilemba akavuta kofia ya manyoya, akaenda nalo kanisani. Nasikia padri alisita kidogo kabla ya kumpa komunyo.

Kipupwe kilikuwa ndio msimu wa hadithi. Mahindi yakishapanda darini na pilipili manga ikishaanikwa, bibi alikuwa na ruhusa ya kusimulia. Kabla ya hapo, hata ungepiga magoti, asingesimulia. Alisema ukitoa hadithi wakati wa palizi magugu nayo yanakaa kitako kusikiliza. Jioni zile tulikuwa watatu tu kwenye mafiga: bibi, mimi, na binti wa shangazi, ambaye tulilingana umri na hatukulingana kitu kingine chochote. Bibi aliuliza, “Moto uko?” Tukajibu, “Uko!” Akauliza, “Masikio yako?” Tukajibu, “Yako wazi!” Akasema, “Basi nafungua mlango, aje.” Na kweli nilikuwa nageuka kuangalia mlango.

Sheria zake zilikuwa kali. Msikilizaji mmoja akilala, hadithi inakatwa palepale, na aliyebaki macho anaumia naye. Na sheria kubwa kuliko zote ni kwamba hadithi haisimuliwi mchana. Anayesimulia jua likiwa juu, alisema bibi, huota pembe. Hakucheka alipolisema hilo. Binti wa shangazi aliniapia kwamba mke wa katekista havui kilemba hata akioga, na kwamba sababu tusiulizane.

Tena huyo binti wa shangazi alipenda sana kunikumbusha kwamba mimi pale ni mgeni. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Yeye alizaliwa na binti wa bibi, kwa hiyo yale mafiga yalikuwa ya kwao. Mimi nilizaliwa na Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo nilikuwa mtoto wa watani, watu ambao Mluguru anaweza kuwatukana msibani nao wakamtukana, na hata wakiondoka na kuku wake hana pa kushtaki. “Mtani hana kosa,” bibi alisema kila niliposhika chakula kwa mkono usiooshwa, kisha akanipiga kikofi cha mkono hata hivyo. Mimi aliniita mke mwenzangu, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wa kike. Nilitaka sana siku moja aniite mwenye nyumba.

Mwaka nilipokuwa darasa la sita nilipanda mlima na vitu viwili vipya. Kimoja kilikuwa saa ya mkononi ya plastiki, ya namba, isiyo na mishale, ambayo baba aliinunua kwa machinga. Kila ilipotimia saa kamili ililia pii, na njia nzima watu waliniuliza saa ngapi, nami nikajibu kwa maringo. Cha pili kilikuwa barua ya baba kwa bibi, imefungwa kwa gundi. Bibi aliipeleka kwa katekista amsomee, akarudi nayo kimya, akaitia kwenye kopo la majani ya chai. Sikuuliza. Nilikuwa na shughuli ya kutangaza saa.

Hadithi ya mwaka huo ilikuwa ndefu, alituchotea kidogokidogo kila jioni. Ilihusu kipupwe cha zamani ambacho moto ulizimika mlima mzima, na msichana mmoja akatumwa kileleni kuomba kaa la moto kwa bikizee aliyeishi huko peke yake. Bikizee akampa kaa kwenye kigae, akamwambia ashuke asiguse kile chungu kilicho mlangoni. Naye, kama ambavyo ungefanya wewe, akakigusa. Ndani ya chungu ndimo ulimofungiwa ukungu. Ukamwagika, ukafunika mlima wote, msichana asione hata mkono wake. Amesimama hapo, kaa linazidi kufifia, mara akasikia sauti mbili zinamwita jina lake, moja kutoka kulia, moja kutoka kushoto, zote mbili sauti ya mama yake. Moja ilikuwa ya bikizee.

Hapo binti wa shangazi akakoroma.

“Imekatika,” bibi akasema, akafunika moto majivu. Nilimfinya yule mtoto mpaka akalia, lakini sheria ni sheria. Na ile ilikuwa jioni yangu ya mwisho. Kesho yake saa kumi shangazi angekuja kunichukua nikalale kwake Kinole, ili alfajiri nipande lori la ndizi nirudi mjini. Nililala nimekunja ngumi. Nisingekuja tena mpaka mwakani, na mwaka mzima yule msichana angekuwa amesimama kwenye ukungu na kaa lake.

Kesho yake ukungu ulishuka kama vile umesikia hadithi. Kulipokucha hakukucha vizuri. Tulikula ugali wa mchana kwa mwanga wa moto, dirisha limezibwa gunia, na bibi, koti lake la zambarau limefungwa mpaka shingoni, akasinzia palepale kwenye kigoda. Binti wa shangazi alikuwa anapukuchua mahindi. Nikaitazama saa yangu. Ilikuwa saa tisa kasoro robo. Wazo likanijia, na nilijua si zuri.

Bibi aliposhtuka aliuliza, “Saa yako inasemaje, mke mwenzangu?”

“Saa moja kasoro, bibi.”

“Ya jioni?”

“Ya jioni. Umelala sana.”

Binti wa shangazi akafungua mdomo. Nikamtolea macho, akaufunga.

“Mbona shangazi yako hakuja?”

“Ameogopa ukungu, bibi. Nitashuka kesho alfajiri.” Uongo haupendi kukaa peke yake, mmoja ukiingia huita mwenzake.

Kuku akaingia anadonoa makombo, bibi akamfukuza kwa mwiko. Akanitazama mimi. Akatazama mlango, ambao nje yake palikuwa peupe tu, si usiku wala mchana. Akavuta kigoda karibu na mafiga, akasema, “Moto uko?”

“Uko!” Nilijibu kwa nguvu kuliko siku zote.

Akaanza kutoka pale pale: msichana, kigae, kaa, sauti mbili. Akawa anaziigiza sauti zile, moja ya kulia, moja ya kushoto, zote tamu, mpaka nywele zikanisimama. Saa yangu ikalia pii. Nikaibana kwapani. Na hapo, kwenye ufa wa mlango, mstari wa njano ukatokea sakafuni. Ukanenepa. Ukafika kwenye mafiga, ukapanda kwenye koti la zambarau, ukatua usoni kwa bibi. Ukungu ulikuwa umenyanyuka wote mara moja, kama inavyotokea kule, na jua la alasiri limejaa nyumba nzima.

“Mama!” Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, kapu kichwani. Alikuwa amewahi kuja, kwa bahati yangu mbaya. “Mama, mchana wote huu! Unasimulia hadithi mchana?”

Binti wa shangazi akapiga yowe, akanyoosha kidole kwenye kilemba cha bibi. Nami nikaangua kilio. Sikulilia kupigwa. Nilijua bibi anaota pembe na mimi ndiye niliyemwotesha, na kwamba atazificha chini ya kofia ya manyoya mpaka siku ya kufa, na padri atasita kila Jumapili. Nikasema yote: saa, uongo wa kwanza, uongo wa pili. Nikavua ile saa nikaitupa kwenye maganda ya mahindi.

Shangazi alinipa maneno, akampa binti yake maneno, akarudi kwangu. “Mtoto gani wewe! Nimepanda mlima na huu mgongo wangu, nakuita tangu kule kwenye migomba huitiki! Mzigo wenyewe hata hujafunga!”

Bibi peke yake ndiye aliyetulia. “Nyamaza kwanza,” alimwambia shangazi. “Hadithi haiachwi mlangoni inapigwa na jua. Lazima ifungwe. Mimi siwezi kuendelea, nyie wawili wa ukoo wangu hamuwezi. Lakini hapa kuna mtani.” Akanigeukia. “Mtani hana kosa, haoti kitu. Ifunge.”

“Mwisho siujui, bibi.”

“Utaujua.”

Nilifuta kamasi. Nilimtazama shangazi pale mlangoni, mikono kiunoni, bado anahema kwa hasira na kwa mlima, na mwisho nikauona. Nikasema: msichana alisikiliza sauti zote mbili. Ya kulia ilimwita kwa upole, njoo mwanangu, njoo kipenzi. Ya kushoto ilisema, mtoto gani wewe, umekaa wapi, nakuita huitiki, na huo moto wenyewe uko wapi? Basi msichana akaenda kushoto mbio, kwa sababu alimjua mama yake.

Shangazi akacheka mpaka kapu likamponyoka, ndizi zikatawanyika hadi chini ya mafiga, na binti wa shangazi akacheka, na bibi akajipiga mapaja. Nilikuwa nimebakiza maneno ya kufunga, ambayo siku zote aliyasema bibi mwenyewe. Niliyasema kwa sauti ndogo: “Nimemfikisha kwao, nami nimefika kwetu. Fungeni mlango.”

“Umefungwa!” wakajibu wote watatu, wenye nyumba wote.

Nilishuka mlima siku hiyo nikigeuka nyuma kila kona. Bibi alikuwa amesimama uani na koti lake anapunga mkono, kofia ya manyoya kichwani, na kwa mbali sikuweza kuona kama imenyanyuka au haijanyanyuka.

Nilipofika nyumbani nilikuta vitu vimefungwa kwenye magunia. Kiwanda alichofanyia kazi baba kilikuwa kimepunguza watu, naye akiwamo, na tulikuwa tunahamia Tabora kwa wajomba zangu kulima tumbaku. Hawakutaka kuniharibia likizo kwa kuniambia mapema. Kule Tabora nilikaa miaka sita. Nilikuwa mtoto wa ukoo, mwenye nyumba kamili, na kila barua ya shangazi ilipokuja niliisoma mara mbili nikitafuta habari za kichwa cha bibi. Nilishakuwa msichana wa sekondari, nimesoma baiolojia, najua binadamu haoti pembe. Hata hivyo nilitafuta.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipanda tena ule mlima, mwezi wa sita. Bibi alikuwa amepungua mwili, koti la zambarau limepauka na kumzidi. Nilimwamkia shikamoo nikasahau hata kusubiri marahaba, nikamuuliza kitu kilichonikaa kooni miaka yote: je, siku ile alidanganyika kweli?

“Kuku alikuwa ndani anadonoa,” bibi akasema. “Kuku wa saa moja jioni? Hata mtani hawezi kuwa mjinga hivyo.”

“Sasa kwa nini ulisimulia, bibi?”

Alilivuta kopo la majani ya chai akaligeuzageuza mikononi.

“Barua ya baba yako ilisema mnaondoka, na hajui mtarudi lini. Nikasema, wacha ziote. Pembe mtu anafunga kilemba. Wewe nisingekumalizia, ningekupata wapi?”

Bibi akavua kofia ya manyoya, akafungua kilemba, akainamisha kichwa mbele yangu. Nywele zilikuwa nyeupe zote, fupi, na zilinuka moshi wa kuni.

“Haya, papasa,” akasema. “Umeziwaza miaka sita.”

Nilipapasa taratibu, upande wa kulia, upande wa kushoto, machozi yananidondokea mikononi.

“Zipo, bibi,” nikasema. “Mbili.”

Akacheka mpaka akakohoa, akanipiga kikofi cha mkono, akaniambia nitie kuni, jua likizama kuna watoto wa jirani wanakuja kutaka hadithi na mwenye nyumba hawezi kukaa bure.