Vitambaa vya Anatolia wa Bakoba

Kwetu Buhaya mtu akikukaribisha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwanza anapiga funda moja yeye mwenyewe, ndipo anakukabidhi kibuyu. Hatusemi kwamba tunaogopa sumu. Tunasema ni adabu. Shangazi yangu Kokuberwa, aliyekuwa akiuza rubisi kule Muleba, alipiga mafunda mawili, kisha akakukazia macho mpaka umeze la kwako, utadhani wewe ndiye uliyekuja kumtilia yeye. Nayasema haya mapema ili mjue Anatolia aliangukia mikononi mwa watu wa namna gani.

Anatolia alikuwa mwanamke wa Bakoba, kando ya mji wa Bukoba, mwembamba, mwenye vidole virefu na maneno machache. Hayo maneno machache ndiyo yaliyomponza, maana kwetu mtu asiyesema sana huhesabiwa kuwa ana la kuficha. Alikulia Maruku, ambako baba yake alipalilia kahawa za mabwana wa kilimo, na alipopata nguvu za kubeba mtoto akachukuliwa kuwa yaya katika nyumba ya Mzungu mmoja. Mzungu yule alikuwa na mabinti wenye nywele zilizonyooka kama nyuzi. Kila Jumamosi jioni mama yao alizilowesha, akazisokota kwenye vipande vya shuka kuukuu, akawalaza hivyo hivyo. Jumapili asubuhi watoto waliamka na mapete ya nywele mabegani.

Anatolia alitazama, akaenda kujaribu kichwani kwake. Nywele zetu zina mapete yake tangu kuzaliwa, madogo na makaidi, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kuyabembeleza yakue. Alizipaka samli zikiwa bado na unyevu, akazivuta taratibu, akachukua kitambaa chembamba, akazisokota kuanzia nchani hadi karibu na ngozi, akafunga fundo. Ukilala nazo, asubuhi unakuta yale mapete madogo yamelegea, yamekuwa makubwa na laini, yanaanguka upande unaoutaka. Wala hakutumia moto. Binamu yangu Kokugonza alikuwa amejaribu kupata mapete kama hayo kwa uma aliouweka kwenye makaa, na alama ya uma ule ilikuwa sikioni mwake mpaka anazeeka.

Alipoolewa na Rugaibula, seremala wa Bakoba, Anatolia akawa ndiye wa kuitwa kila penye bibi harusi. Kisha ikaja vita. Rugaibula akachukuliwa Keya, jeshi la Waingereza, akapelekwa Bama huko Asia, na mkewe akabaki na mama mkwe. Nguo ya amerikani ikatoweka madukani. Wazee wakarudia lubugo, ile nguo ya magome ya mti, na vijana tukawa tunashona viraka juu ya viraka. Kitambaa, hata chembamba kama utepe, kikawa mali. Anatolia alikuwa na furushi moja tu la vitambaa vyake, na popote alipokwenda alihakikisha amerudi navyo vyote. Watu wakaanza kuliangalia furushi lile.

Mwaka wa mwisho wa vita mimi, Klaudia, nikawa naolewa na Ildefons wa Kitendaguro, jirani na Bakoba. Wifi zangu watarajiwa, kwa wema wao, wakampakia Anatolia kwenye lori la kahawa lililokuwa linarudi tupu, wakamleta kwetu Muleba siku moja kabla ya harusi. Shangazi Kokuberwa alipomwona anashuka alisimama katikati ya njia.

"Kwani sisi hatuna mikono?" alimwambia mama yangu, kwa sauti ya kusikika. "Watu wa Bukoba wanatuletea mtu wa kushika kichwa cha mtoto wetu. Kichwa! Wangeleta wa kumwosha miguu ningenyamaza."

"Wifi, ni mgeni," mama alisema.

"Ndiyo. Na mimi namtazama kama mgeni."

Akamtazama kweli. Samli ilipotolewa aliinusa, akachovya kidole akalamba, kisha akamwamuru Anatolia ajipake kwanza yeye. Anatolia akajipaka. Nilipooshwa nywele, shangazi alikagua maji. Vitambaa vilipotolewa furushini alivikung'uta kimoja kimoja. Nililala na kichwa kilichojaa mafundo, shavu juu ya mkono, na kila nilipofumbua jicho nilimwona shangazi kwenye kigoda chake, macho kwenye mkeka alikolala mgeni.

Asubuhi Anatolia alifungua mafundo kuanzia kisogoni. Hakutumia kitana, aliyatenganisha mapete kwa vidole. Nilipopewa kioo nilipiga kelele kwa furaha, mama akalia, na shangazi zangu wengine wakaanza kunishika nywele kama watu wanaochagua nguo dukani. Kokuberwa peke yake hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono ya Anatolia. Kila kitambaa alichofungua, Anatolia alikipitisha kati ya vidole viwili, akaondoa nywele zilizong'ang'ania, akazisokota kuwa kidonge kidogo, akakitia katika kifuko kilichoning'inia kiunoni.

"Hizo unazipeleka wapi?" shangazi aliuliza.

"Nyumbani."

"Za nini?"

"Nywele za mtu hazitupwi ovyo, waitu," Anatolia alijibu kwa neno letu la heshima, akafunga kifuko.

Shangazi alikifuata kile kifuko kwa macho. Heri angetukana, maana alipokuwa anatukana ulijua amefika wapi.

Harusi ikapita vizuri. Watu waligeuza shingo kanisani mpaka padri akakohoa. Nikahamia Kitendaguro, na kabla mwezi haujaisha nikashikwa na homa. Mwili uliwaka, lakini mwili si kitu. Kichwa! Kiliniuma kiasi kwamba sikuweza kukiinua kwenye mto. Ildefons akaniletea kwinini kutoka zahanati, nami nikainywa huku nalia. Habari zikafika Muleba, na shangazi akaja na lori la kwanza lililopita.

"Kichwa, sivyo?" alisema mlangoni, hata hajatua mzigo. "Si nilisema? Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nywele zako ziko kiunoni mwa yule mwanamke."

Hakuyasema mlangoni kwangu tu. Aliyasema kwenye lori, akayasema sokoni, akayasema kisimani. Baada ya siku chache tu, bibi harusi mmoja wa hapo Kitendaguro aliyekuwa amemwita Anatolia akaghairi. Watoto wakakatazwa kupita uani kwake. Wanawake walipokutana naye njiani walivuta vitambaa vyao vya kichwa mpaka kwenye nyusi. Na enzi hizo mwanamke akishaitwa mlozi, na mume wake yuko vitani, hadumu. Atatokea mtu na kijinga cha moto, nyumba itaungua, na kesho yake kila mmoja atasema alikuwa amelala. Anatolia alilijua hilo. Sisi sote tulilijua.

Mimi niliamini? Kichwa kikikuuma namna ile unaamini chochote. Homa ilipolegea kidogo nilikubali kupelekwa Bakoba, nimejifunga blanketi, nimemwegemea Ildefons, shangazi akiwa mbele yetu kama askari.

Tulimkuta Anatolia uani na mama mkwe wake, Kokushubila. Alitandika mkeka, akaleta kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, akachukua moja akaitia kinywani mbele yetu, kama desturi inavyotaka. Shangazi aliutazama ule mkono na kikapu chake, akabaki amekunja mikono yake.

"Nywele za mtoto wetu umezifanyia nini?"

"Nilizichoma."

"Wapi?"

"Hapa jikoni, siku ileile niliporudi. Kwenu sikuweza. Nani anataka harufu ya nywele zinazoungua kwenye nyumba ya harusi?"

"Nani alikuona?"

Anatolia alimtazama Kokushubila. Angeweza kumtaja mama mkwe wake, na yule mama angeapa, nina hakika. "Nilikuwa peke yangu," alisema.

"Peke yake." Shangazi alitugeukia. "Mmesikia."

Majirani walikuwa wameshaanza kusimama kwenye migomba, wanasikiliza. Kokushubila akaanza kutuapia kwa watakatifu wote anaowajua. Anatolia alimshika bega, akaingia ndani, akatoka na wembe. Akavua kitambaa cha kichwa. Zile nywele zake, ambazo Bakoba nzima ilizijua, zilianguka hadi mabegani, akaketi chini.

"Mama, ninyoe."

"Maawe!" Kokushubila alipiga yowe. "Rugaibula yu hai! Unamlilia mwanangu akiwa hai?"

Maana kwetu mwanamke mwenye mume hanyoi kichwa. Anayenyoa ni aliyefiwa. Yule mama alikimbilia nyuma ya nyumba ili asione, na Anatolia akajinyoa mwenyewe, kwa kupapasa, bila kioo. Alijikata juu ya sikio, damu ikashuka shingoni, hakuifuta. Alipomaliza alikusanya nywele zote, akazifunga katika jani la mgomba, akamwendea shangazi.

"Mnasema nina nywele za mtoto wenu. Basi nanyi mna zangu. Akifa, zifanyieni mnavyojua."

Mikono ya shangazi ilipokea kabla kichwa chake hakijafikiri. Nikaona aibu, nikasema turudi nyumbani.

Nikapona. Ildefons alisema ni kwinini. Shangazi alisema ni lile furushi la jani, kwamba mlozi amebanwa. Lakini furaha yake haikudumu, kwa sababu furushi lenyewe lilihitaji mahali pa kukaa. Ildefons alikataa lilale chini ya paa lake. Shangazi akalitundika kwenye mti wa kahawa nje, na asubuhi majirani walikuwa wamejipanga wanalitazama. Akaenda nalo Muleba. Baba yangu, Apolinary, alimzuia njiani.

"Dada, hizo ni nywele za mtu?"

"Ndiyo, lakini..."

"Kibanjani kwangu, shambani wala nyumbani, haziingii."

Akazipeleka kwake. Wateja wa rubisi walipokuja, alipiga mafunda yake mawili, akapiga na la tatu, lakini wakasema leo hawana kiu. Kesho yake hawakuja. Ikawa inaulizwa Muleba nzima: Kokuberwa ana nywele za mwanamke wa Bakoba, za nini? Na asingeweza kuzichoma. Angezichoma, halafu Anatolia akapatwa hata na jipu, angeulizwa nani alikuona. Habari hizi ziliponifikia nilicheka mpaka Ildefons akanikemea. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Shangazi akarudi Kitendaguro amekonda, hana hata salamu. "Twende Bakoba," aliniambia. "Niandamane na mtu."

Anatolia alikuwa jikoni, anamenya ndizi. Kichwani nywele zilikuwa zimeanza kuota, fupi. Vitambaa vyake vilikuwa juu ya kamba, vimefuliwa, havina wa kumfunga. Shangazi alipiga goti kama mtu anavyopiga kwa mkubwa wake, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, akaweka jani lililokauka juu ya mkeka.

"Chukua vyako, waitu. Tangu viingie nyumbani kwangu sijapata usingizi."

Anatolia hakuligusa. "Umezifanyia nini?"

"Mimi? Sikuzifanyia kitu! Ziko kama ulivyonipa. Naapa kwa mama yangu aliye kaburini."

"Nani alikuona?"

Shangazi alilisogeza jani mbele kidogo. Ndizi ilikuwa bado mkononi mwa Anatolia, nusu imemenywa. Swali lilikuwa lake shangazi mwenyewe, na lilikuwa la haki.

"Niliishi nazo peke yangu," shangazi alisema mwishowe, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Kisha akavua kitambaa chake cha kichwa. Nywele zake zilikuwa chache, zina mvi nyingi kuliko nilivyodhani. "Ninyoe na mimi."

Nilidhani Anatolia atamwinua, wamalize kwa kukumbatiana kama watu wa Mungu. Hakumwinua. Alinawa mikono, akaleta wembe na maji, akamnyoa, polepole, kwa uangalifu, bila kumkata popote. Shangazi machozi yalimtoka, hakuyaficha. Ilipokwisha, Anatolia alikusanya zile nywele za mvi zote mpaka ya mwisho, akazilaza juu ya jani pamoja na zake, akalisogeza kando ya mafiga. Moto ulikuwa unawaka. Ilitosha kunyoosha mkono mmoja tu.

"Nizichome sasa, uone?" aliuliza.

Shangazi Kokuberwa alizitazama nywele, akautazama moto. Mtu huyu ndiye aliyekagua maji niliyooshwa nayo kichwa.

"Hapana," alisema. "Utazichoma ukiwa peke yako."

Akasimama, akajifunga kitambaa juu ya upara wake, akatoka. Nikamfuata. Tulipofika kwenye kona ya migomba, pale ambapo ukigeuka unaona mlango wa jiko la Anatolia wazi kabisa, alisimama. Niliona shingo inavyomwasha kugeuka. Alikaa hivyo kitambo, mkono kwenye shina la mgomba, kisha akaanza kutembea tena, wala hakutazama nyuma.