Majivu kwenye Vyetezo Ishirini na Vinne

Ngoja kwanza nikueleze kijiti chenyewe, maana kosa langu lilianzia hapo. Kijiti cha udi tunachonunua madukani Isipingo kina mguu wa mwanzi: udi umepakwa juu, chini mwanzi umeachwa mtupu ili uuchomeke. Cha Kijapani hakina mwanzi. Ni udi tu toka juu hadi chini, mnene kuliko ule mguu, na ukikilazimisha kinakatika kama tambi kavu.

Mimi sikujua. Hapa Durban udi uko kila duka, na wote niliouona una mguu. Basi nikaupima mguu huo, nikafinyanga vyetezo ishirini na vinne, vibakuli vya kuchomekea udi, kila kimoja na kitundu chembamba katikati.

Aliyeviagiza alikuwa mama mwenye duka la vitu vya nyumbani, Morningside. Vikimfaa, angechukua vyombo vyangu mwezi hadi mwezi. Visipomfaa, ningerudi saluni kusuka, na mgongo wangu ulikuwa umeshakataa kazi ya kusimama.

Alikuja Jumamosi asubuhi kwenye banda letu Cato Manor, na boksi la vijiti vya Kijapani mkononi. Cha kwanza hakikuingia. Cha pili kikakatika. Akavuta bakuli la tatu.

Mwenzangu, mama wa Kirundi anayechoma vyombo kwenye tanuri, akainama sikioni kwangu.

“Eish, dada. Umejenga nyumba, mlango ukaufanya wa panya.”

“Usicheke, mama. Anatuangalia.”

“Hajui Kiswahili.”

“Kicheko anakijua.”

Nilianza kuomba radhi kwa Kiingereza changu, nikiahidi kufinyanga upya, ingawa udongo ulikuwa umekwisha. Mwenzangu hakungoja nimalize. “Majivu iko pale,” akasema, akaenda kwenye mbabula, lile jiko la makaa tulilopikia maharage jana yake. Akachota majivu yaliyopoa, akayachekecha kwa chujio la chai, akajaza bakuli moja. Kitundu kikafunikwa. Akachomeka kijiti humo, kikasimama wima.

Mwenye duka akakiwasha. Tukakaa kukitazama, na mimi nilikitazama kuliko wote. Kiliteremka taratibu hadi kwenye majivu, na hata hapo hakikuzimika. Kikaendelea kuungua chini kwa chini hadi kikaisha, bila kubakiza kipande.

“Aliyenipa hili boksi ana bakuli lenye majivu,” mwenye duka akasema polepole. “Mwaka mzima nimedhani ni mvivu wa kusafisha.”

Nilipomtafsiria mwenzangu, alicheka mpaka akashika ukuta, na safari hii mgeni akacheka naye. Vyetezo vyote vikaingia kwenye gari lake. Kabla ya kuondoka akaagiza vingine, visivyo na tundu, virefu kidogo. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikapumua kama mtu aliyetua gunia.

Kwa hiyo usiogope ukikuta kijiti chako hakiingii tunduni. Chekecha majivu yaliyopoa kabisa, jaza bakuli karibu na ukingo bila kuyashindilia, chomeka kijiti katikati, kiwashe, kisha zima mwali kwa kupunga mkono.